Semeni Mchoro Ungali wa Penseli

Safu ya Ardhi na Makazi: majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

SWALI: Mzee wetu wa safu hii, shikamoo. Ninaishi pembezoni mwa mji wa Mtwara, upande wa Likombe, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Nyuma yetu kulikuwa na shamba la mikorosho ambalo warithi wameliuza, na mwenye shamba mpya ameleta wataalamu waliolikata viwanja 140 vya makazi. Mchoro umebandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, na tumeambiwa utaingia katika kamati ya madiwani mwezi ujao. Tulipoutazama tuligundua kwamba njia pekee ya magari kuingia huko ni kichochoro chetu, ambacho bajaji mbili zikikutana moja lazima irudi kinyumenyume. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba shamba ni la mtu binafsi na majirani hatuna la kusema. Je, ni kweli? Na kama si kweli, tuseme nini, kwa nani, na kabla ya lini?
Mama wa watoto watatu, Mtwara

JIBU: Marahaba, binti yangu. Aliyewajibu amesema nusu ya kweli. Shamba ni la mtu binafsi, na hakuna jirani anayeweza kumzuia mwenye mali kuigawa na kuiuza. Lakini kulikata shamba kuwa viwanja vya makazi ndani ya mji si uamuzi wa mwenye shamba peke yake, kwa kuwa Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka kazi hiyo ipate kwanza idhini ya mamlaka ya upangaji, na kwenu mamlaka hiyo ni halmashauri ya manispaa. Wanaotoa idhini hawapimi yaliyomo ndani ya mipaka ya shamba tu. Wanapaswa kupima pia kile ambacho shamba hilo litawaletea walio nje ya mipaka yake: magari, maji ya mvua, watoto wanaotafuta shule, taka zinazotafuta pa kwenda. Kichochoro chenu hakimo ndani ya shamba lake, na hapo ndipo mnapopata la kusema.

Ili mjue mnawahi wapi, fuateni safari ya mchoro wenyewe. Mwenye shamba humtafuta mtaalamu wa mipangomiji aliyesajiliwa, naye huandaa mchoro juu ya ramani ya msingi inayoonyesha ardhi ilivyo, yaani miinuko, mabonde, nyumba zilizopo, njia za miguu na makaburi. Mchoro huo, ambao watu wa kazi huuita TP, hupitiwa na Afisa Mipangomiji pamoja na wenzake wa ardhi, barabara, mazingira na afya, kisha huingia katika kamati ya madiwani inayoshughulikia mipangomiji na mazingira, na ukipita huko hupelekwa pamoja na muhtasari wa kikao kwenye Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, mojawapo ya ofisi zilizofunguliwa katika mikoa yote mwaka 2020. Ukishaidhinishwa ndipo mpima ardhi anapokwenda kusimika bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, na ramani yake ya upimaji nayo ikiidhinishwa hati zinaanza kutoka. Leo, mchoro ukiwa ukutani, kusogeza barabara ni kazi ya penseli na kifutio. Bikoni zikishasimama na viwanja vikishapata wenyewe, kusogeza barabara hiyo hiyo ni kazi ya fidia, mawakili na miaka. Kwa hiyo jibu la “kabla ya lini” ni kabla ya kikao cha kamati, na si siku moja kabla, bali mapema kiasi cha Afisa Mipangomiji kupata nafasi ya kwenda kukiona kichochoro kwa macho yake.

Barua yenu muiandikie Mkurugenzi wa Manispaa, na nakala zake mzipeleke kwa Afisa Mipangomiji, kwa diwani wa kata na kwa mwenyekiti wa mtaa. Nakala yenu wenyewe igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu malalamiko ya mdomoni hayaingii kwenye faili. Mwombeni mwenyekiti aitishe mkutano wa mtaa, wananchi waseme, na muhtasari uandikwe ukiwa na orodha ya mahudhurio yenye saini. Diwani mwenye karatasi ya namna hiyo mkononi huzungumza kwa nguvu kuliko diwani aliyelalamikiwa msibani. Vikao vya Baraza la Madiwani huwa wazi kwa wananchi kwenda kusikiliza, ingawa hawachangii, na nimeona mara nyingi kwamba ajenda hupewa muda zaidi wanapokuwapo watu kumi wamekaa kimya kwenye viti vya nyuma.

Sasa muandike nini? Hapa nitakaa kidogo, maana barua nyingi za wananchi nilizozipokea nikiwa kazini zilikuwa zimejaa uchungu na hazina kipimo hata kimoja.

Rudini ofisini mkiwa na rula ya mtoto wa shule. Tazameni kwanza kipimo cha ramani, ambacho huandikwa pembeni au chini. Kama ni 1:2,500, basi milimita moja ya rula ni mita mbili na nusu ardhini, na barabara ya mita 10 itaonekana ina upana wa milimita 4. Kama ni 1:1,000, milimita moja ni mita moja, na kazi ni nyepesi zaidi. Pimeni barabara za ndani ya mradi, kisha nendeni na futi kamba mkapime kichochoro chenu sehemu tatu: mdomoni, katikati na pale kinapobana kuliko kote. Mkikuta barabara za ndani zina mita 10 na zote zinamwagika katika njia ya mita 4, hilo peke yake ni hoja inayojitosheleza, na haihitaji hata neno moja la ukali. Andikeni kwamba lori la mchanga, gari la zimamoto na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupishana na kitu chochote hapo, na kwamba nyumba 140 zitajengwa kwa malori.

Kisha tazameni barabara zinaishia wapi. Wachoraji wengi, wakitaka kupata viwanja vingi, hufunga barabara mwishoni kwa kiwanja, na kila eneo linageuka mfuko wenye mdomo mmoja. Ombeni njia ya pili ya kutokea, hata kama itamgharimu mwenye shamba viwanja vitatu au vinne. Atalalamika, na ana haki ya kulalamika kwa kuwa fedha ni zake, lakini kiwanja kinachofikiwa na gari kutoka pande mbili huuzwa bei ambayo kiwanja cha ndani ya mfuko hakiioni. Ningekuwa nyinyi ningemfuata kabla ya kikao na kumwambia hivyo ana kwa ana, kwa sababu mchoro uliorekebishwa na mwenyewe hupita kamatini upesi kuliko uliorudishwa.

La maji ndilo ninaloliogopa zaidi. Mtwara mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, na mwaka mzima wa mvua hubanwa katika miezi hiyo. Shamba la mikorosho hunyonya mvua, lakini paa la bati halinyonyi hata tone. Chukueni paa la mita za mraba 120 na siku moja ya mvua ya milimita 50: paa hilo litamwaga lita 6,000. Zidisheni kwa nyumba 140 mpate lita 840,000, ambazo ni maboza 84 ya lita 10,000 kila moja, bila kuhesabu barabara wala nyua zilizosakafiwa. Ulizeni maji hayo yameandaliwa njia gani katika mchoro. Kama jibu ni kwamba yatafuata barabara, basi yatafuata kichochoro chenu, na wanaoishi Kiyangu wanaweza kuwaeleza maana ya kuishi mahali ambapo maji ya wenzako huja kupumzika.

Hili nalisema kwa sababu mimi mwenyewe nimelikosea. Mwaka wangu wa pili kazini, katika mji ambao sitautaja, nilichora safu ya viwanja kukatisha bonde dogo ambalo nililikagua mwezi Agosti likiwa kavu kama mkeka. Mzee mmoja alinifuata pale, akanionyesha shina la mwembe lililokuwa na alama ya tope kavu juu kidogo ya goti, akasema, “Mwanangu, hapa panapita maji.” Nilimshukuru kwa adabu, nikarudi kwenye meza yangu na kuendelea na ramani. Miaka minne baadaye niliitwa kuangalia sebule ambayo maji yalikuwa yamefika kwenye mito ya makochi, na mama mwenye nyumba hakunigombeza, alinipa tu ufagio. Tangu siku hiyo nikifika eneo jipya swali langu la kwanza ni kwa wazee na si kwa ramani. Nanyi katika mtaa wenu mnao wazee wanaojua maji hupita wapi, basi majina ya miti na alama zao yaingie katika barua.

Mwisho, msiandike kwamba mnaupinga mradi. Mji unakua, watu wanahitaji pa kujenga, na afadhali shamba lililochorwa kuliko lililouzwa vipandevipande usiku bila mchoro wowote, kama tulivyoshuhudia Mtwara wakati wa vuguvugu la gesi miaka ya 2012 na 2013. Andikeni kwamba mnaomba idhini itolewe kwa masharti mtakayoyataja, na kwamba masharti hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Kama masharti mojawapo ni kupanua kichochoro chenu, basi jueni mapema kwamba upanuzi huo utagusa kuta zenu wenyewe, nanyi mkubaliane kwanza ndani ya mtaa nani atasogeza ukuta na kwa fidia gani, kabla ya kumwomba mtu mwingine apoteze viwanja vyake.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni fundi cherehani, nina fremu ya biashara katika eneo la Chikongola, mjini Mtwara. Mtaa wetu unatarajiwa kuwekewa lami, mitaro na taa. Wamepita watu wakapiga X nyekundu kwenye baraza ninaposhonea, wakati jirani yangu wa ng'ambo amepigwa X ya kijani. Nina kiwanja kilichopimwa tangu enzi za baba. Je, nina haki ya fidia, na rangi hizi zina maana gani?
Fundi, Mtwara

JIBU: Ndugu fundi, katika kazi za barabara hapa nchini X ya kijani kwa kawaida humaanisha kwamba barabara ndiyo iliyomfuata mwenye jengo, hivyo anastahili fidia, na X nyekundu humaanisha kwamba mwenye jengo ndiye aliyeifuata barabara. Lakini rangi ni maoni ya aliyeshika brashi, na maoni yanaweza kukosea. Linaloamua ni upana wa barabara kama ulivyo katika mchoro na ramani ya upimaji ya eneo lenu.

Wengi huchanganya jambo hili na hifadhi ya barabara kuu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa, ambazo husimamiwa na TANROADS, na kabla ya hapo ilikuwa mita 22.5. Mtaa wenu hauko katika kundi hilo. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na upana wake ni ule uliochorwa. Kwa hiyo chukua namba ya kiwanja chako na kitalu chake, nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uombe kuonyeshwa ramani ya upimaji, kisha mwombe mpima akuonyeshe bikoni zako ardhini. Bikoni za enzi za baba mara nyingi zimefukiwa chini ya saruji ya baraza lenyewe.

Nina wasiwasi kwamba utakuta baraza limevuka mpaka, na sisemi hivyo kwa kukulaumu. Mji wa Mtwara ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ukiwa na bandari na reli ya kwenda Nachingwea na matumaini ya mji mkubwa. Karanga hazikustawi, reli iling'olewa mapema miaka ya 1960 na kutuachia kata inayoitwa Railway isiyo na treni, lakini barabara pana zilibaki kwenye ramani. Kwa miaka mingi nafasi ile pana ilikuwa majani na kivuli, na mwenye fremu aliyesogeza baraza mita mbili mbele hakumwona mtu wa kumuuliza.

Ukikuta baraza limo ndani ya mpaka wako, X nyekundu imekosewa, nawe uandike kwa TARURA na manispaa ukiambatanisha nakala ya hati na maelezo ya mpima. Hapo fidia yako itathaminiwa na mthamini, na taarifa yake huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Fidia hiyo si bei ya tofali na bati peke yake. Ndani yake mna thamani ya soko ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya malazi ambayo ni kodi ya soko ya mwezi mmoja mara 36 kwa jengo linalotwaliwa, na kwa mtu wa biashara kama wewe, faida iliyopotea. Faida hiyo huthibitishwa kwa hesabu, kwa hiyo daftari la wateja na risiti za kodi vitakufaa kuliko maneno. Tena fidia ikicheleweshwa zaidi ya miezi sita tangu ithibitishwe, inapaswa kuanza kulipwa na riba.

Ukikuta limevuka mpaka, bado usikate tamaa kabla ya kuuliza fedha za mradi zinatoka wapi. Miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, kama TACTIC inayohusisha miji 45 nchini, ina masharti yanayotambua hasara ya jengo na ya biashara hata kwa mtu asiye na haki juu ya ardhi ile, mradi awe alikuwapo wakati wa kuhesabiwa waathirika. Ardhi hulipwi, lakini baraza na siku za kazi zilizopotea zinaweza kuhesabiwa. Hakikisha basi kwamba jina lako limo katika orodha na umepigwa picha ukiwa mbele ya baraza lako, na uulize kamati ya malalamiko ya mradi inakutana wapi.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nami naliona litakuumiza zaidi ya baraza. Mtaro utapita mbele ya mlango wako. Mitaro mingi ya miji yetu huchimbwa kina cha kiuno, na vivuko vya kuingilia madukani huwekwa pale mchoro wa mhandisi ulipoviweka. Kama havimo katika mchoro, mkandarasi hatajenga kwa huruma, na wateja wako watavuka kwa ubao. Nenda ukaulize sasa, wewe na wenzako wa safu hiyo, kivuko kimepangwa kila baada ya mita ngapi na kama mtaro utafunikwa. Na kuhusu miti, mwarobaini wenye umri wa baba yako ukikatwa ili taa isimame, hakuna fidia itakayokurudishia kivuli chake. Mara nyingi nguzo ya taa inaweza kusogezwa mita mbili bila gharama yoyote, ila lazima mtu aombe.

SWALI: Nimeuziwa kiwanja Mitwero, Lindi, cha hatua 20 kwa 20. Muuzaji anasema eneo limepimwa na hati nitafuatilia mwenyewe. Nimeshalipa nusu. Nifanye nini kabla ya kumalizia?
Kijana mtafutaji, Lindi

JIBU: Simamisha malipo, mwanangu, hadi ujibiwe maswali mawili.

Swali la kwanza ni hatua za nani? Mtu mzima wa kawaida hupiga hatua ya sentimita 75 hivi, kwa hiyo hatua 20 ni mita 15, na “20 kwa 20” yako ni mita za mraba 225, si 400 kama unavyodhani. Muuzaji mfupi atakupunguzia zaidi. Nenda na futi kamba.

Swali la pili ni limepimwa kwa maana ipi? Watu husema kupimwa wakimaanisha mambo matatu tofauti: kuchorwa, kusimikiwa bikoni, na kumilikishwa. Mwombe namba ya kiwanja, jina la kitalu na namba ya ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, kisha uzipeleke mwenyewe ofisi ya ardhi ya manispaa wakakufanyie upekuzi. Kama anazo, utajua ndani ya siku chache kama kiwanja ni chake na kama mahali ulipoonyeshwa hapajachorwa barabara, shule au eneo la wazi. Kama hana hata moja, ulichouziwa ni kipande cha shamba, ambacho bado kinaweza kukatwa na barabara mchoro utakapokuja, na bei yake inapaswa kuwa ya shamba.

Ukikwama kwenye nusu uliyokwisha kulipa, anzia Baraza la Kata, lakini ujue kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo husuluhisha tu na haliamui tena kesi za ardhi. Wakishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Chukua na stakabadhi ya malipo. Kama hukupewa, rudi leo uidai, ukiwa na shahidi mmoja asiyekuwa ndugu yako.